Siku Klaviye Ilipoposwa

Gazeti lilikuwa linakufa, na anayekufa hachagui mganga. Hayo ni maneno ya Ildephonse kwa dada yake Dative, Jumamosi ile, huku akipiga pasi suruali yake ya harusi. Dative akamjibu kwamba anayekufa ana haki pia ya kuachwa afe salama, kuliko kupapaswa na mikono ya Méthode.

"We Dative, unaleta maringo," Ildephonse akasema. "Mashine ya fotokopi imekufa. Karatasi apana. Wino apana. Unataka kuchapa Klaviye kwa mate?"

Hapo Ildephonse alisema kweli. Tangu nchi jirani zifunge mipaka, hata chumvi Bujumbura ilikuwa na maringo yake, sembuse wino wa fotokopi. Toleo la mwisho lilitoka limefifia mpaka wasomaji wakalishika juani kulisoma. Asipopatikana mwenye mali wa kulichukua mwezi ule, Klaviye kwisha. Mwenye mali aliyejitokeza alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja akawa Méthode. Mkosi gani huu?

Klaviye lilikuwa gazeti la wapenda kompyuta. Cheka ukitaka, wengi walicheka. Mji unalia risasi, watu wanalala chini ya vitanda, na huko Ngagara, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu baba yao, watu watatu wanabana kurasa kwa pini wakiandika habari za disketi na skrini! Lakini wasomaji walikuwapo. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Carama ambaye kompyuta aliiona mara moja tu, ofisini kwa watu. Akachora klaviye, yaani kibodi, juu ya kipande cha katoni, kila herufi mahali pake, akawa anapiga jioni baada ya jioni bila kutazama vidole. Herufi zilipofutika kwa jasho, akachora upya.

Na gazeti lilifika pasipofika mtu. Mtu wa Ngagara, kwa Watutsi, siku zile hakukanyaga Kinama, kwa Wahutu, na wa Kinama hakuthubutu Ngagara. Aliyekosea mtaa alirudi amebebwa, kama alirudi. Lakini Klaviye lilikwenda kote, chini ya nyanya za wamama wa soko kuu, kwa sababu sokoni wote walihitaji kula. Ndani yake hapakuandikwa jina la mtu wala mtaa wake. Msomaji aliitwa kwa mashine yake. Kulikuwa na Mwenye Skrini ya Kijani, kulikuwa na Mwenye Waya Zilizoliwa na Panya. Huyu anauliza, yule anajibu toleo lijalo, wanashukuriana, wanataniana, nao wangekutana barabarani mmoja angemkimbia mwenzake au angemfukuza. Dative alifundisha hesabu shuleni mchana, akarudi jioni kuhariri ujinga huo mtamu, na ndicho kitu pekee kilichomfanya aone mji wake bado una akili.

Moyo wa Klaviye ulikuwa ukurasa wa katikati, "Andika Ujaribu". Humo msomaji alikuta programu fupi, mstari kwa mstari, aikopi kwenye mashine yake aone itafanya nini. Siku moja ngoma ilijichora yenyewe kwenye skrini. Siku nyingine ulikuwa mchezo wa kukisia, au hesabu ya kugawa maharage kwa familia. Watu walinunua gazeti zima kwa ajili ya ukurasa huo, na mwenye ukurasa alikuwa Spéciose.

Spéciose alikuwa Mutwa. Hapo lazima nisimame, maana wa mbali hamjui. Batwa ndio wafinyanzi wetu. Vyungu vya nchi nzima vimetoka mikononi mwao, vya maji, vya maharage, vya pombe. Lakini chungu hichohicho kikishawekwa katikati ya watu, Mutwa hapeleki mdomo. Atamiminiwa pembeni, kwenye kigae au kikopo chake. Nchi yetu wakati ule iligawanyika kwa kila kitu, Wahutu na Watutsi wanachinjana mchana kweupe, na bado jambo moja walikubaliana bila mkutano wala msuluhishi: kwamba Mutwa hanywi nao. Ptu! Ukiwaza sana unaweza kutapika.

Masista ndio waliompeleka Spéciose shule, na huko akawapita watoto wa wakubwa. Baadaye akafundisha kupiga mashine kwenye shule ileile ya Dative, na wawili hao wakapatana kama chanda na pete. Dative alimwita dada mkubwa mbele ya watu, makusudi, ili wasikie. Mara mbili tatu aligombana sokoni na watu waliomcheka Spéciose kimo chake. Alijivunia jambo hilo, na sioni kwa nini asijivunie.

Basi hao ndio wenye gazeti: Dative na maneno yake, Spéciose na programu zake, Ildephonse na fotokopi yake, apumzike kwa amani, fotokopi nasema. Hapakuwa na karatasi ya mwanasheria. Walipeana mkono, basi.

Sasa Méthode. Jamani, kuna watu Mungu aliwaumba wakati anapiga miayo. Vita vimewakondesha wengine, yeye vilimnenepesha. Petroli iliyokosekana kwenye vituo ilipatikana kwake, kwenye bidoni, yaani madumu, nyuma ya duka lake la Mutakura, na hospitali ilinunua kwake kama teksi, kwa kulia. Alinukia manukato na petroli pamoja. Alikuwa na kijiti cha meno ambacho hakikutoka mdomoni hata akiongea, kinahama tu, pembe hii, pembe ile, na akicheka kinatoka na kitu, anakitazama, anakirudisha. Dative alipomwona akifanya hivyo mara ya kwanza alishindwa kula siku nzima.

Alilitakia nini gazeti? Alikuwa amejaza depo yake kompyuta kuukuu zilizotoka Ulaya, akidhani zitanunuliwa kama sukari. Hazikununuliwa. Watu wangefanyia nini sanduku la kioo wasilojua kuliwasha? Ndipo mtu akamwambia kuna gazeti linalofundisha watu kuzitumia, na kwamba linakata roho. Akaona heri aliokote. Baniani mbaya kiatu chake dawa. Ildephonse aliurudia msemo huo mpaka Dative akatamani kumpiga na hicho kiatu.

Saa tisa alasiri gari lake la wazi likasimama mbele ya ua. Na Méthode hakuja kama mnunuzi. Alikuja kama mwoaji! Amevaa suti, amefuatana na wapambe, na mbele yao Claude, yule msemaji wa kukodiwa, ambaye Bujumbura nzima ilimjua kwa kuposea watoto wa watu. Nyuma ya gari kuna chungu kikubwa cha pombe ya ndizi kimefunikwa majani. Majirani wakaanza kusogea na viti vyao. Vita vilikuwa vimekula harusi zote, na watu walikuwa na njaa ya sherehe, hata ya kipuuzi.

Claude akasimama, akakohoa, akaanza. "Wazee wetu, mama zetu. Tulikuwa tunapita kwa njia yetu, hatuna ubaya na mutu. Tukasikia ndani ya nyumba hii kuna binti, jina lake Klaviye. Binti anajua kusoma, anajua hesabu, hajawahi kutukana mukubwa. Na sisi tuko na kijana wetu, ni mutu wa kazi..."

Kijana mwenyewe ana upara na tumbo la kupumzishia mikono! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ildephonse akainuka na suruali yake ya pasi akajibu kama baba mkwe, kwamba binti bado mdogo, kwamba ng'ombe wa kijana wanaonekana wamekonda. Alikuwa anafurahia, mjinga yule. Dative aliketi anatazama ardhi. Gazeti lililopita mitaa ambayo askari wenyewe waliiogopa, leo linachezewa ngoma za bikira ili mwuza petroli apate mahali pa kutangazia mabati yake ya kompyuta.

Alimgeukia Spéciose. Spéciose alikuwa ametulia, mikono magotini, amevaa kitenge chake kizuri.

"Tukatae," Dative akamnong'oneza.

"Tukikataa, nitaandika wapi?" Spéciose akamjibu. "Mi sina pahali pengine, Dative. Acha anunue. Atakuwa patron, si Mungu."

Hapo Dative akaelewa kwamba leo si ya maringo yake. Yeye gazeti likifa alibaki mwalimu wa hesabu, binti wa nyumba ya Ngagara. Spéciose gazeti likifa alirudi kuwa Mutwa tu, basi. Kwenye ukurasa ule tu ndipo watu walipomwuliza kitu wakangoja jibu lake.

Chungu kikashushwa, kikawekwa katikati, mirija minne ikachomekwa, kila mtu na wake. Pombe hiyo sisi tunaiita agatutu, pombe ya mashahidi. Ndiyo karatasi yetu, ndiyo sahihi yetu. Anayeuza na anayenunua wanakunywa chungu kimoja mbele ya watu, na aliyepeleka mdomo amekubali, hawezi kugeuka kesho akasema sikuwapo. Asiyepeleka mdomo hayumo. Akiwa na shamba, akiwa na ng'ombe, akiwa na gazeti, hayumo.

Méthode akaonja kwanza, kama desturi ilivyo, kuonyesha hapana sumu. Alitoa kijiti cha meno, akakichomeka sikioni, akafyonza kwa sauti. Ildephonse akafuata. Zamu ikaja kwa Dative, naye akasema kwa sauti ya kusikika, "Mukubwa kwanza. Dada Spéciose."

Spéciose akainuka. Alikuwa hajafika kwenye chungu Méthode alipoufunika mrija wake mwenyewe kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefunika chakula inzi wanapokuja. Akamvuta Ildephonse kwa mkono wa shati, akamsemesha sikioni. Ildephonse akatazama chini, akaingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa ameshika kikombe cha plastiki, kile cha bluu cha kuchotea maji ya kuogea. Akachota pombe, akamkabidhi Spéciose, macho yakiwa kwingine.

"Dada, chukua," akasema. "Kunywa kwa nafasi yako."

Lo! Majirani wakanyoosha shingo. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, na kicheko kile ndicho kilichomwinua Dative.

"Ildephonse! Wewe? Wewe uliyekula maharage aliyopika huyu mama ulipokuwa na malaria? Mwaga hicho kikombe! Mwaga, mbwa we! Na wewe Méthode, beba chungu chako, beba na tumbo lako, tokeni kwenye ua wa baba yangu!"

"Madamu, tulia," Méthode akasema, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. "Mi sina shida na ule mama. Ataandika, nitamulipa vizuri kuliko ninyi. Lakini watu wangu wako hapa wanaangalia. Ni mila. Si mi niliitunga."

"Unatia kinyaa!" Dative akapiga kelele. Mate yalimtoka. "Wewe ni uchafu, wewe! Petroli inaoga mara nyingi kuliko wewe!"

Majirani wakaguna kwa raha. Dative angeendelea, alikuwa na mengine mengi tayari, lakini Spéciose alimshika mkono.

"Keti," akamwambia.

Dative akaketi. Spéciose akaweka kikombe cha bluu chini, polepole, hata tone halikumwagika. Akamtazama Méthode.

"Patron, umekuja kununua nini?"

"Si Klaviye?"

"Na Klaviye ni nini? Fotokopi imekufa. Karatasi hakuna. Kile chumba cha nyuma ni cha urithi, hakiuzwi. Umenunua nini?"

Kijiti cha meno kilikuwa sikioni, kwa hiyo Méthode hakuwa na kitu cha kutafuna wakati anafikiri.

"Nitakuambia," Spéciose akasema. "Umenunua ule ukurasa wa katikati. Ordinateri zako zinalala kwa depo juu watu hawajui watazifanyia nini. Wanaowafundisha ni mikono hii. Na hiki chungu, ukitazama shingoni, kuna alama ya kidole gumba. Hiyo ni alama ya nyumba ya mama yangu. Mutu wetu ndiye alikifinyanga, alikilainisha ndani kwa kiganja chake kitupu. Unakunywa mikono yetu toka funda la kwanza, patron."

Akapiga magoti mbele ya chungu. Akashika mrija wake, akanywa. Kisha akashika mrija wa Méthode, akautia mdomoni, akanywa. Akashika wa Ildephonse, akanywa. Akashika wa Dative, akanywa. Yote minne, bila haraka, kisha akarudi kwenye kiti chake akakunja kitenge magotini.

"Sasa anayetaka Klaviye, anywe," akasema. "Mi nimekubali. Mashahidi wameona."

Claude, ambaye ulimi wake ulikuwa umeozesha nusu ya mabinti wa mji, hakupata hata neno moja. Wapambe wakatazamana. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. Dative alitaka kupiga vigelegele kwa furaha. Yule nguruwe hataweza, alijua hataweza, atabeba chungu chake na aibu yake aende. Na kama gazeti litakufa basi litakufa limesimama wima.

Méthode alitazama ile mirija. Alitazama depo yake pia, naamini, ingawa ilikuwa mbali, Mutakura huko, na masanduku yake yote yamejaa vumbi. Unaweza kumwona mtu akipiga hesabu. Macho yanakuwa madogo. Halafu akacheka.

"Ule mama ni mutu ya biashara," akasema. Akapiga magoti na suti yake, tumbo likagusa mapaja, akautia mrija mdomoni kama ulivyokuwa, bila kuutazama, bila kuupangusa, akanywa mafunda matatu makubwa. Akainuka, akajifuta midevu kwa kiganja. "Pombe ni pombe! Ildephonse, njoo!"

Ildephonse akaja. Alifumba macho kama mtoto anayenyweshwa kwinini, lakini alikunywa. Wapambe wakapiga makofi, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu, na Claude ulimi ukamrudia, akaanza kusema kwamba alijua toka mwanzo ndoa hii ina baraka.

Hasira za Dative zilikosa pa kwenda. Méthode amekunywa! Kwa tamaa, ndiyo, kwa ajili ya mabati yake, lakini mdomo umepelekwa. Alimchukia zaidi kwa hilo. Hata kinyaa mtu yule alikuwa anakiuza, ukimpa bei.

"Madamu," Méthode akasema, "umebaki we tu."

Dative akaenda. Alikwenda kwa kichwa juu, akijua majirani wote wanamtazama, akiwaza kwamba atakunywa vizuri kuliko wote ili waone. Akapiga magoti. Akashika mrija wake.

Ncha ya mrija ilikuwa na unyevu. Tone dogo lilining'inia pale, lenye povu kidogo, linang'aa kwenye jua.

Na tumbo lake likajikunja. Hakuliomba, lilijikunja lenyewe. Alijiambia, huyu ni Spéciose, dada yangu, huyu ni Spéciose, na koo likakataa kusikia. Akaanza kutafuta kichwani siku moja tu, moja, katika miaka yote ile ya kubana kurasa pamoja, ambayo walikunywa kikombe kimoja. Waliagiza Fanta. Kila mtu chupa yake. Alizinunua yeye mwenyewe, daima mbili, na daima alidhani ni ukarimu.

Kunywa, mjinga we. Kunywa.

Alikunywa. Alikunywa kwa nguvu, funda refu, machozi yakamtoka, watu wakapiga makofi, na Ildephonse akapiga mluzi. Imekwisha, akawaza. Nimekunywa kama wengine. Akainua uso kumtafuta Spéciose, anatabasamu tayari.

Spéciose hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa Dative. Dative naye akautazama, na akaona kidole gumba chake kimelowa, na pindo la kitenge chake mwenyewe lina doa dogo la pombe pale kidole kilipojifutia.

"Umepangusa mrija," Spéciose akasema, taratibu, bila hasira hata kidogo.

"Dada... mi..."

"Apana. Haina neno."

Akageuza kiti chake upande wa pili, akamwuliza Méthode wino utafika lini, maana wasomaji wamengoja sana. Méthode akamjibu kwa heshima, akimwita Mama Spéciose, akamwahidi karatasi nyeupe safi na mashine mpya kutoka depo. Wakaongea hivyo, vichwa vyao karibu karibu, watu wawili wenye gazeti. Kisha Méthode akatoa kijiti chake sikioni, akakirudisha mdomoni, akamtazama Dative aliyekuwa bado amepiga magoti pale kwenye chungu, akamkonyeza kirafiki, kama mtu aliyemtambua ndugu yake.